Tulikuwa Tunafika Msimu Umekwisha

Kijana aliyenifundisha kazi hii nilimkuta kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, wilayani Tandahimba, mkoani Mtwara, gunia la korosho likiwa begani. Alikuwa na miaka 16. Wenzake walimwita Njomba, kama wanaume wa huku wanavyoitana, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Nilikuwa na fomu ya usajili mkononi, fulana ya mradi mwilini, nikamweleza kwamba shirika letu linawasaidia vijana mapema, kabla mambo hayajaharibika. Akatua gunia, akajifuta jasho kwa kiganja, akasema, "Mama, mapema ipi? Mimi shule nimeacha darasa la sita. Mlikuwa wapi?"

Hakusema kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa programu, ndiye niliyeamua twende kijiji gani, lini na kwa nani, kwa hiyo swali lile sikuwa na wa kumpelekea.

Niliajiriwa mwaka 2014. Mwaka mmoja nyuma yake, Januari na tena Mei 2013, Mtwara ilipita kwenye vurugu za gesi. Watu walipinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, wengine wakafa, nyumba na ofisi zikachomwa moto. Baada ya pale andiko la mradi lisilokuwa na neno "vijana" lilionekana pungufu. Na sisi tukaandika. Tulilenga wenye miaka 15 hadi 24, wale wanaoshinda vijiweni Mtwara mjini, kule Magomeni, Chikongola, Chuno. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, Mmwera kwa mama na kwa baba. Sikuwa mgeni wa mambo haya. Nilijua mtoto wa huku anaanza kuteleza akiwa na miaka 10 au 11, wala si 18. Lakini niliacha ninachokijua nje ya mlango wa ofisi, nikaingia na maneno ya andiko.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa kambi. Niliwaomba wenyeviti wa mitaa wanipe majina ya wavulana "wanaowasumbua", nikapata 40 kutoka kata sita, nikawapeleka Mikindani wiki mbili. Mpira asubuhi, masomo mchana, dua jioni, fulana za njano kwa wote. Picha zilipendeza sana. Nisichokiona kwenye picha ni yaliyokuwa yakiendelea bwenini usiku. Mtoto aliyekuwa mtoro tu, aliyekimbia hesabu na fimbo, alilala kitanda cha juu, na cha chini yake kijana anayejua simu ya wizi inauzwa wapi na kwa nani. Wiki mbili zinatosha. Walipoachana walikuwa na marafiki wa kata sita ambao kabla ya hapo hawakuwa nao, na mimi ndiye niliyewakutanisha.

Mwezi haukuisha, mama mmoja alikuja ofisini kutoka Ufukoni. Hakukaa. Alikuwa ameikunja ile fulana ya njano vizuri, kona kwa kona, kama nguo ya kwenda kurudisha kwa jirani. Akaiweka mezani kwangu. "Nimekuja kurudisha nguo yenu. Mwanangu alikuwa mtoro. Sasa mtaani anaitwa mwizi, kwa sababu wote wanajua waliopewa hii walichaguliwa kwa nini." Akaondoka bila kunywa hata maji. Fulana ile ninayo hadi leo, ndani ya droo ya meza yangu.

Baadaye nilisoma habari ambayo laiti ningeijua kabla. Mwaka 1939, huko Marekani, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana wasiingie kwenye uhalifu. Wavulana 506 waligawanywa wawili wawili wanaofanana. Mmoja alipata mshauri wa kumtembelea, msaada wa masomo, matibabu na kambi za likizo kwa miaka kama mitano, mwenzake aliachwa kama alivyo. Mtafiti Joan McCord aliwatafuta wote miaka 30 na zaidi baadaye, na mwaka 1978 akaandika alichokikuta: waliosaidiwa hawakuwa na unafuu wowote, na kwa mambo kadhaa, kama ulevi na kurudia makosa, walikuwa na hali mbaya kuliko walioachwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba madhara yalielemea zaidi kwa wale waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje. Watu wenye nia njema, wenye pesa na wenye uvumilivu wa miaka mitano, waliumiza watoto wa watu. Mimi nilikuwa na nia njema na wiki mbili.

Tangu siku ile hatujakusanya tena watoto wenye shida sehemu moja. Mtoto wetu anaingizwa kwenye timu ya mpira ambayo ipo tayari, yenye watoto wa kila aina, au madrasa, au kwaya, au kwa fundi. Hakuna fulana. Mtaa haujui nani yuko kwenye orodha yetu, na inapowezekana hata mtoto mwenyewe hajui kama kuna orodha. Anajua tu kuna mtu anayepita kwao.

Swali la Njomba lilikuwa bado linaniuma. Nikaamua nijibu: mapema ipi? Nikaenda shule aliyosoma, nikamwomba mwalimu mkuu anionyeshe madaftari ya mahudhurio ya zamani. Alishangaa, lakini akanitolea boksi kutoka stoo. Mchwa walikuwa wamekula kona za juu. Nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa ubao, nikatafuta jina lake darasa la tano. Kuanzia Januari mpaka Agosti, tiki zimejaa mstari mzima. Wiki ya pili ya Septemba, Alhamisi moja hayupo. Wiki ya tatu, Alhamisi na Ijumaa. Oktoba siku saba. Novemba mstari umekuwa mweupe, na mwalimu ameandika pembeni kwa penseli: "yuko shamba?" Januari amerudi, tiki chache, halafu Septemba ya darasa la sita yale yale yakaanza upya, na safari hii jina halikuendelea.

Ile alama ya kuulizia ndiyo iliyonikaa. Mwalimu aliona. Aliona akauliza kwa penseli, na hakukuwa na mtu wa kumjibu. Ana wanafunzi 90 darasani, hawezi kumfuata mmoja mmoja shambani.

Kwa asiyejua huku, Septemba ndipo korosho zinaanza kudondoka, na minada ikifunguka Oktoba, mkoa mzima unabadilika. Wazazi wengi wanahamia mashambani, wanajenga kibanda, wanaokota mpaka Desemba. Watoto wanabaki kijijini na bibi, au na dada wa miaka 12, au wanafuatana nao. Mtoto aliyebaki anagundua kitu: korosho ni pesa iliyolala chini. Anaokota kibaba kimoja shambani kwa mtu, anakipeleka kwa kangomba, yule mnunuzi wa kificho anayepima kwa bakuli na kulipa bei ya kutupa, na anarudi na shilingi elfu mbili mfukoni. Kwa mtoto wa darasa la tano aliyeondoka nyumbani bila uji, hiyo ni pesa ya mtu mzima. Hapo ndipo Njomba alipoanzia. Kangomba hakumuuliza umri.

Na sisi tulikuwa wapi? Septemba hadi Novemba tulikuwa tunaandika ripoti ya mwaka. Shughuli zetu za vijijini zilikuwa Februari hadi Juni, kwa sababu ndivyo fedha zilivyokuja. Tulifika msimu umekwisha, tukawakuta watoto wameshakuwa wengine.

Kuibadilisha kalenda ilinichukua karibu miaka miwili ya kubishana na wafadhili, na ni kazi ninayoiona ya maana kuliko semina zote nilizoendesha. Sasa wahamasishaji wetu wa vijiji hupumzika Aprili, na ikifika Septemba hakuna likizo. Utaratibu wenyewe ni mdogo. Mwalimu wa darasa akiona mtoto amekosa siku mbili mfululizo bila taarifa, anamtumia mhamasishaji ujumbe. Siku ya tatu mtu anafika nyumbani. Haendi na mtendaji wala na mgambo, wala habebi fomu. Na swali la kwanza si "kwa nini huji shule," maana hilo mtoto ameshalitungia jibu. Tunauliza, "Jana usiku mmekula nini?" na "Nani amelala hapa?" Majibu ya maswali hayo mawili yanaeleza karibu kila kitu.

Msimu wenyewe nao hauko sawa kila mwaka. Msimu wa 2018/2019 minada ilisimama, Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima ukafanyika na malipo yakaja kwa awamu. Januari ile tulikuta nyumba nyingi mtoto yupo tayari kwenda shule ila sare hana, na aibu ya kuvaa kaptula iliyochanika nyuma ilitosha kumfanya mvulana wa miaka 12 ajifiche. Tulinunua vitambaa, tukawapa mafundi cherehani wa vijiji hivyo hivyo. Mara nyingine kuzuia ni kaptula.

Nimejifunza pia kwamba anayeona kwanza si mwalimu, na si sisi. Kuna mama anauza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha nje ya shule moja ya Mtwara mjini. Siku moja nilikaa naye kwenye benchi yake, nikala ming'oko yenye chumvi na pilipili, nikamuuliza biashara. Akaniambia bila kuulizwa: "Yule mwenye shati lisilo na vifungo, wiki hii ananunulia wenzake. Kila siku. Na analipa kwa mia mbili mbili." Nikamuuliza kwani sarafu za mia mbili zina nini. Akaniangalia kwa huruma. "Dubwi, mwanangu. Anatoka kwenye dubwi." Mashine za kamari za sarafu zilikuwa zimewekwa kibandani nyuma ya soko, na mtoto wa miaka 11 alikuwa anacheza wakati wa vipindi. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18. Mama ming'oko alijua kwa kushika sarafu tu. Tangu hapo kila kata tunayoingia, kabla ya kwenda kwa afisa elimu, naanza kwa wanaouza vitu nje ya lango la shule.

Vikao vya wazazi vilinipa somo jingine. Tulikuwa tunaita baba na mama. Baba wanakuja, wanakaa mbele, wanaitikia kila kitu, wanasaini mahudhurio, na kijijini habadiliki mtu. Bibi mmoja wa Nanyamba alinivuta pembeni. "Umemwita baba. Mwenye mtoto umemwacha." Nilipaswa kulijua hilo, nimelelewa nalo. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua tunafuata ukoo wa mama, na neno la mjomba kwa mtoto lina uzito ambao baba anaweza asiwe nao. Mambo yanabadilika, mjini hasa, na wapo akina baba wanaobeba kila kitu peke yao. Lakini mtoto anapogoma, nani anayeweza kumkalisha chini akanyamaza na kusikiliza? Mara nyingi ni kaka wa mama yake. Siku hizi mhamasishaji akifika nyumbani, kabla hajaondoka anauliza, "Mjomba wake anakaa wapi?" Wajomba wamenirudishia watoto wengi kuliko ofisi yoyote.

Nilimwendea na kungwi. Niliogopa, nakiri. Mashirika mengi yamezoea kuusema unyago kama ugonjwa, na makungwi wanalijua hilo. Nilipeleka kilo mbili za sukari na kanga, nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo nikiwa nimepiga magoti. Akaitikia marahaba, akaniacha pale chini kwa muda. Halafu akauliza, "Wewe mwenyewe umechezwa wapi?" Nikamjibu kwetu Lindi, nikamtajia kijiji na somo wangu, yule aliyenifunda. Akasogea kwenye mkeka akanipa nafasi.

Nilikwenda nikiwa na hotuba kuhusu watoto wa miaka tisa, kumi, wanaochezwa mapema na kuambiwa wamekua. Alinisikiliza yote. Kisha akasema, "Siwafuati mimi, wanaletwa. Mwaka wenye mavuno mama anamleta wa miaka 13 na mdogo wake wa tisa pamoja, kwa sababu mwakani hajui kama atakuwa na mchele wa kulisha wageni." Sikuwahi kulisikia hilo kwenye semina yoyote. Tulizungumza mpaka jua likaingia mvunguni mwa kitanda cha kamba kilichokuwa barazani. Tuliachana na makubaliano ya maneno tu: shughuli zake zitaingia ndani ya likizo za Juni na Desemba, wali, wale wasichana wanaochezwa, watatoka kabla shule hazijafunguliwa, na siku ya kuwatoa atawaambia mbele ya mama zao kwamba mwali aliyekua anarudi dawatini. Kila Januari ananitumia mtu kuniambia nani hakurudi. Habari yake hunifikia kabla ya taarifa ya shule.

Kwa wavulana hali ina ugumu wake. Akishatoka jandoni, kijana wa miaka 11 au 12 mara nyingi haingii tena kulala nyumba ya mama yake, anapewa kijumba chake pembeni au anajiunga na wenzake. Ni heshima, na sitaki kuivunja. Ila maana yake ni kwamba hakuna anayejua kama usiku huu amelala au hakulala. Ndiyo maana tunauliza nani amelala hapa.

Kuhusu wasichana waliopata mimba, nitasema jambo moja. Novemba 2021 Serikali iliruhusu warudi shuleni baada ya kujifungua, na tulishangilia ofisini mpaka watu wa jirani wakaja kuuliza kuna nini. Kisha tukakuta kwamba ruhusa haimbebi mtoto mchanga saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Walioweza kukaa darasani ni wale ambao tulikaa na bibi au shangazi mapema, tukapanga nani ananyonyeshewa wapi na uji wa mtoto unatoka kwa nani.

Narudi kwa Njomba, maana nimemwacha ghalani. Tulimpeleka kwa fundi pikipiki Tandahimba mjini, tukilipa chakula chake na ada ya fundi mwezi kwa mwezi. Alikuwa mwepesi wa mikono, fundi alimpenda. Juni mradi ukafungwa. Nilikuwa naijua tarehe hiyo tangu mwanzo, iliandikwa kwenye mkataba, lakini nilijipa moyo kwamba fedha nyingine itapatikana. Haikupatikana. Fundi akamwambia arudi akipata. Oktoba nilimkuta tena chini ya gunia. Alinisalimia vizuri, na ile salamu iliniumiza kuliko angenitukana. Sasa hatumpeleki mtoto yeyote kwa fundi kabla fedha ya muda wote wa mafunzo haijawekwa kando. Kama haitoshi kwa watano, wanaenda wawili. Wafadhili hawapendi idadi hiyo. Ninawaambia habari za Njomba.

Leo ni dereva wa bodaboda, pikipiki ya mkataba, anapeleka hesabu kila Jumamosi. Matengenezo anafanya mwenyewe. Shule hakurudi, na sijawahi kumdanganya kwamba angeweza kurudi akawa pale pale alipoacha.

Septemba iliyopita alinipigia simu saa moja asubuhi. Nilidhani amepata ajali. "Mama, shikamoo. Mdogo wangu wa darasa la tano. Jana Alhamisi hakwenda shule, nimemkuta na kibaba cha korosho. Hajakosa siku nyingine, ni hiyo moja tu." Nikamuuliza mjomba wao yuko kijiji gani. Akanitajia, akasema barabara ina mchanga, gari letu litanasa.

Nilipofika Tandahimba alikuwa ananisubiri stendi, kofia ya pili mkononi.